Kuku Tuliyemkataa Kamusisi

Kasongo, nyumbani kwa marehemu mama,
Tarehe 22 Agosti 1957

Mpendwa mdogo wangu Hemedi,

Salaam aleikum, wewe na wote waliomo chini ya paa lako. Kabla sijasema neno lingine nataka habari za kifua chako. Katika barua yako uliandika kwamba kinakubana asubuhi, kisha ukarukia habari za baridi ya huko Elisabethville, kama mtu aliyekanyaga kitu na hataki wenzake wajue. Mimi nilikubeba mgongoni, hunifichi. Chemsha majani ya mpera uyanywe yakiwa moto, na uache kulala dirisha wazi eti kwa sababu wazungu wanalala hivyo.

Wifi yangu Mwamini hajambo? Na wale watoto wawili ambao sura zao sizijui? Uliniambia yule mdogo ameanza kusema, na kwamba anasema Kiswahili cha huko kwenu. Wasafiri wa huko walipopita hapa mwaka jana niliwasikia wakiongea nikadhani wanagombana, kumbe wanasalimiana. Mfundishe na cha kwetu kidogo, ili siku tukionana nisihitaji mkalimani.

Sisi huku ni wazima, Mungu ashukuriwe. Kiangazi kimekuwa kikali, vumbi linaingia mpaka kwenye mtungi wa maji, na magoti yangu yanalia ninaposujudu, lakini hilo si jambo jipya. Sokoni bado naenda. Mwanao Faida uliyeniachia ni mzima. Amekuwa mrefu kunipita, na ile cherehani uliyotutumia inamtii yeye tu. Mimi nikiishika inakata uzi.

Barua hii nimeiandika mwenyewe. Yule mwandishi wa barua anayekaa karibu na posta ana mkono mzuri, lakini ana mdomo mzuri zaidi, na mambo ya nyumbani kwetu yangefika sokoni kabla hayajafika kwako. Kwa hiyo ukiona mistari inapanda mlima, vumilia, upande nayo.

Sasa nije kwenye lile uliloniagiza. Ulisema niende nikawaone watu wa Kamusisi, ambao walimleta mshenga mwezi wa sita kumposa Faida kwa kijana wao Musafiri, yule seremala aliyetengeneza milango ya msikiti wetu. Ukasema nitazame tu, nisitamke neno, jibu utalitoa wewe baba yake. Ukaongeza kwamba hapo mjini kwenu yuko karani mmoja mwenye baiskeli na viatu vya ngozi, na kwamba hutaki mwanao akaolewe na washenzi wa kulima pamba. Neno hilo nililisoma kwa sauti ya chini, maana Faida alikuwa anashona chumba cha pili, na siku zile alikuwa hasemi lolote. Ila siku mshenga alipokuja aliunguza gauni la mteja kwa pasi, na tangu hapo kila aliposikia motokari barabarani mguu wake ulisimama juu ya cherehani.

Desturi yetu unaijua. Mtu haendi kuchunguza ukwe huku amevaa ukwe usoni. Unapita kama mpita njia, unaomba maji ya kunywa, na wakati wanakuletea maji macho yako yanafanya kazi. Mama mkwe wangu mimi, Mungu amrehemu, alikuja hapa kwetu akisingizia kutafuta mbuzi wake aliyepotea, na miaka mingi baadaye akaniambia kwamba hakuwa na mbuzi hata mmoja. Nami nikatafuta njia yangu ya kupita.

Njia hiyo ikawa matembezi. Unamkumbuka Feza, jirani yetu, mke wa Atumani, na unamkumbuka Léontine, anayeuza mchele na karanga kwenye meza iliyo karibu na yangu sokoni tangu tukiwa wasichana. Tumezeeka sisi watatu kwa kuchekana. Kwa muda mrefu tulikuwa tunaambiana kwamba siku moja tutapanda motokari ya Atumani twende kutazama vile vijiji vya njia ya Kabambare vinavyosifiwa kwa nyumba zao zilizopakwa rangi. Tukasema siku hiyo imefika. Feza alijua shabaha ya safari, Léontine naye alijua. Atumani hatukumwambia mpaka tulipokuwa njiani, maana mwanamume akijua siri anakohoa mahali pasipofaa.

Tuliondoka Jumapili, Léontine alipotoka misa ya asubuhi na kitambaa chake kipya kichwani. Motokari yenyewe ni kamioneti, katikati ya juma inabeba mawese na mpunga, kwa hiyo tuliketi nyuma juu ya magunia matupu, na kila shimo la barabara tulilijua kwa mifupa yetu. Feza alibeba vitumbua. Vilikwisha kabla hatujapoteza minara ya misheni machoni, na aliyevila zaidi simtaji, lakini ndiye anayeshika kalamu hii.

Hemedi, vile vijiji ni vizuri! Mimi nimeishi Kasongo umri wangu wote nikidhani uzuri uko kwenye baraza zetu za matofali na milango ya nakshi. Wale watu, tangu serikali ilipowatoa porini na kuwapanga kando ya barabara, nyumba zao zimekaa kwenye mstari kama mbegu za pamba, na mtu angetegemea kuona huzuni. Lakini wanawake wamezishika kuta. Pamba ikishavunwa na kiangazi kikianza, kila mwanamke anapaka nyumba yake. Kuna nyeupe ya udongo wa mtoni, kuna nyekundu ya udongo wa kichuguu uliochomwa, kuna nyeusi ya makaa. Juu wanachora mistari, nyota, samaki, na mambo mengine yaliyonifanya nimwombe Atumani asimame kila mara.

Unanijua, nikikaa bila kuuliza naugua. Nyeusi mnaichanganya na nini isitoke kwa mvua? Na utomvu wa mgomba, wakanijibu. Kwa nini chini ya kila ukuta kuna mstari mnene mwekundu? Kwa sababu ndipo mbuzi wanapojikuna. Kwenye kijiji kimoja niliona ukuta umechorwa motokari, na ndani yake mzungu mwenye kofia, amechorwa vizuri mpaka vifungo vya shati, lakini hana miguu. Nikamuuliza mwenye nyumba, mama mmoja aliyekuwa anapepeta mpunga, miguu iko wapi.

“Ule ni bwana wa pamba,” akasema. “Miguu yake hatuyaiona. Hashukake mu motokari.”

Kusikia kwamba bwana huyo hashuki garini kamwe, Léontine alicheka mpaka akaketi chini. Nami nikajiambia kwamba watu wenye macho ya namna hii si watu wa kudharau, lakini nikakumbuka kwamba nimetumwa kutazama, si kupenda.

Tulipofika Lusangi tulimwacha Léontine kwa mdogo wake aliyekuwa amejifungua, tukakubaliana tumpitie jioni. Hilo ndilo lililotuponza, kwa sababu mama yake Léontine alikuwa Mbangubangu kama watu wa Kamusisi, na katika sisi wote ni yeye tu aliyejua desturi za huko. Mimi na Feza tuliona hatuhitaji mtu wa kutufundisha adabu. Sisi ni watu wa Kasongo.

Kamusisi ni mbele kidogo, njia ya Wamaza. Ni kijiji kidogo chenye msikiti wa udongo uliopakwa chokaa, na michikichi miwili mbele yake. Nyumba ya kina Musafiri tuliijua kwa mbao zilizosimamishwa uani. Mama mzee mmoja alikuwa ameketi mlangoni anasaga udongo mweupe kwenye jiwe. Huyo ndiye Amisa, mama yake Sumaili, na Sumaili ndiye baba yake Musafiri. Feza, ambaye akidanganya anatabasamu sana, akasema tunatembea tu, tumesikia kuta za hapa zina sifa.

Mama mzee alitutazama mmoja mmoja, akatutazama na viatu. “Karibuni,” akasema. “Kuta ziko. Angalieni tu.”

Nami nikaangalia, Hemedi, na nakuambia yote kama ulivyotaka. Mtungi wa maji una kifuniko, na kata imetundikwa, haikutupwa chini. Choo kiko mbali na jiko na kimefunikwa kwa ubao uliokatwa vizuri, nadhani na Musafiri. Jiko ni jeusi kwa moshi lakini chini kumefagiwa. Nilisingizia haja ili nipite nyuma ya nyumba, nikaona ghala la mpunga halijaisha ingawa ni mwezi wa nane. Usinicheke, wewe ndiye uliyenituma.

Nilimwona baba mtu, Sumaili, akitoka shambani. Aliona wageni uani, wanawake wa mjini waliovaa vizuri, na mwanamume mwenye motokari. Hakuja kwetu kwanza. Alinawa, akaenda akapiga goti mbele ya mama yake akamwamkia, ndipo akaja kutusalimu. Nilimtazama Feza, Feza akanitazama.

Kijana mwenyewe alikuwa chini ya kibanda chake cha kazi, ana maranda ya mbao kwenye nywele. Alitusalimu macho chini, mikono miwili, akarudi kwenye kazi. Alikuwa anatengeneza kitanda. Nikajifanya mshamba wa mambo ya mbao nikauliza ni cha nani. Akasema kwamba bado hajui kama kitapata mwenyewe. Nikatazama pembeni, maana nilihisi uso wangu unataka kucheka.

Tukaketi na mama mzee tukazungumza habari za udongo mpaka adhuhuri, tukaswali, tukaketi tena. Jina la Faida halikutajwa na mtu. Kisha wakaleta chakula. Binti mmoja wa nyumbani aliweka maji ya kunawa, akaweka bugali wa muhogo, akaweka sombe ya majani ya muhogo, na mwisho mama mzee mwenyewe akaleta bakuli la kuku aliyepikwa kwa mawese. Ni kuku mzima, na firigisi imewekwa juu, upande wangu. Hakusema neno. Aliweka tu, akaketi.

Sasa, wewe umelelewa na mama yuleyule aliyenilea. Ukiwa ugenini mara ya kwanza, ukiletewa chakula, unafanyaje? Unashukuru, unasema umeshiba. Mwenyeji anakusihi. Unasema umeshiba kweli. Anakusihi tena, anakuapia. Ndipo unanyoosha mkono, kidogo kidogo, kama mtu anayelazimishwa. Anayekula mara ya kwanza kuambiwa ni mlafi, na mama angetufinya. Basi nikaweka mkono kifuani nikasema kwa sauti yangu nzuri kabisa, “Asante, mama, tumeshiba, tulikula njiani.” Feza naye akasema hivyohivyo. Atumani alikuwa amekwisha kunawa. Feza akamkanyaga, naye akaficha mikono.

Nikangoja kusihiwa.

Mama mzee alinitazama, akaitazama ile firigisi, akaninyanyulia macho tena. Halafu akachukua ungo akafunika vyombo vyote. “Sawa,” akasema. Basi. Sumaili akainuka akaenda nyuma ya nyumba. Yule binti akachukua maji ya kunawa akayamwaga. Nami tumbo langu likanguruma mbele za watu, na nilikuwa nimesema nimeshiba.

Tulikaa kidogo kwa aibu, tukaaga. Hakuna aliyetusindikiza hata mpaka barabarani. Kwenye motokari Feza akaanza: wamelelewa wapi watu hawa, chakula wanakileta kama wanaweka mzigo, hawajui kukaribisha, hawajui kusindikiza. “Hemedi alisema kweli,” akasema, “ni washenzi.” Nami, nakuambia bila kuficha, niliitikia. Nilikuwa na njaa, na mwenye njaa ana hasira za karibu. Nikaanza kutunga moyoni barua ya kukuandikia kwamba choo kizuri hakitoshi.

Tukamkuta Léontine Lusangi anambembeleza mtoto wa mdogo wake. Nikamsimulia yote, na nilipofika kwenye kuku nilijisifu kidogo, jinsi nilivyoweka mkono kifuani. Léontine akamrudisha mtoto kwa mama yake.

“Mulikataa kuku?” akauliza. “Nuru, mulikataa kuku ya firigisi?”

“Tulikataa kwa adabu,” nikasema. “Hawakutusihi.”

“Watakusihi juu ya nini? Kwetu mutu akikuya juu ya mutoto, wanamuwekea kuku. Akikula, ukoo umeitika. Akikataa, amesema hapana, na maneno imeisha. Hawaulizake mara ya pili, ni haya kubwa kuuliza mara ya pili.”

“Lakini hawakujua tumekuja kwa ajili gani!” akasema Feza.

Léontine akatutazama kama watoto. “Feza, mutu gani atatoka Kasongo na motokari juu ya kuangalia udongo?”

Hemedi, ole wangu! Nilitumwa nisiseme neno, nami nimesema neno kubwa kuliko yote, tena mbele ya kijana na kitanda chake. Nilimwona moyoni Faida pale cherehanini na mguu wake uliosimama. Nililia, nakuambia kweli, nililia barabarani Lusangi mbele ya watu wanaotoka kanisani, na Feza akalia kwa sababu mimi nalia.

Nikamwambia Atumani tunarudi. Akatazama tangi la mafuta, akasema, “Esansi iko ya kurudi Kasongo. Haiko ya kurudi kuomba musamaha.” Feza akafuta machozi akamtazama tu, ile namna yake unayoijua. Atumani akageuza motokari.

Safari hii Léontine aliketi katikati yetu akatufundisha njia nzima, na nikamuuliza maswali yangu yote. Kama mtu amekataa kwa kosa, anaweza kurudi? Akasema hajapata kuona. Kuna dawa yake? Akasema dawa ya chakula ni kula. Ndipo akaniuliza yeye swali moja: “Ndugu yako amekupa ruhusa ya kuitika?”

Nilijua jibu. Ulinituma macho, mdomo ulibaki nao wewe. Kama nisingerudi, posa ingekufa kwa kosa langu, na wewe usingekuwa umesema lolote. Kama ningerudi nikala, Faida angekuwa ameolewa kwa mdomo wangu, na wewe vilevile usingekuwa umesema lolote. Nikamwomba Mungu anionyeshe njia ya tatu, na mpaka tunafika Kamusisi hakuwa amenionyesha.

Jua lilikuwa limeshuka. Mama mzee alikuwa bado ameketi palepale mlangoni, lakini jiwe la udongo lilikuwa limewekwa kando. Chakula kilikuwa bado kiko barazani chini ya ungo. Léontine aliniambia baadaye kwamba chakula kilichokataliwa hakuna mtu wa nyumba anayekigusa; kinalala nje, na asubuhi wanakipa mbwa. Kibandani kulisikika nyundo, inagonga bila mpango, kama ya mtu anayegonga asisikie mengine.

“Mumesahau kitu?” mama mzee akauliza.

Nilikuwa nimeandaa maneno mengi mazuri. Yakapotea yote. Nikasema, “Ndiyo, mama. Nimesahau kula.”

Hakucheka. Akaniambia niketi. Nikamweleza jinsi mama alivyotulea, kwamba kwetu mtu anakataa ili asihiwe. Alisikiliza kwa makini, akauliza kama ni kweli wageni wetu wanasema uongo kwanza halafu ndipo wanakula. Nikasema ni kweli. Akauliza kama mwenyeji naye anajua kwamba ni uongo. Nikasema anajua. “Na munaita ile adabu,” akasema, na nadhani ndipo mdomo wake ulipocheza kidogo. Sasa mimi nikaona nilichokuwa sijakiona mchana: yule mama ni mdadisi kama mimi. Alitaka kujua yote. Tungekuwa na muda, tungefika usiku tukiulizana.

Nikaona si haki kula nikiwa na jiwe moyoni. Nikamwambia wazi, nikifuata kusema kwao, “Mama, mutoto wetu ni wa muji. Jembe haijui. Baba yake anaogopa pamba yenu.”

“Ile pamba, hata sisi tunaiogopa,” akasema. “Lakini yeye anajua kushona, walituambia. Sisi sindano hatuijui. Atatushonea, tutamulimia. Musafiri hataki bibi wa jembe, anataka ule mutoto.” Akaondoa ungo. “Unajua sasa hii chakula inasema nini. Kama huwezi, usikule. Sitakasirika. Lakini usikule juu ya adabu.”

Kuku alikuwa amepoa, mawese yameganda juu yake. Feza hakunikanyaga wala hakunishauri. Léontine alitazama barabarani. Nilinawa mikono, Hemedi. Nikasema bismillahi, nikachukua ile firigisi nikaitafuna, na ilikuwa ngumu, nikaitafuna mpaka ikaisha huku mama mzee ananitazama taya. Nyundo ikanyamaza. Yule binti wa mchana akapiga vigelegele peke yake, akaona haya, akakimbilia jikoni, na kumbe jikoni walikuwamo wengine, wakaendelea wao.

Tukala wote, hata Atumani, yeye hasa Atumani. Tulipoondoka walitusindikiza kijiji kizima, na mama mzee alinishika mkono mpaka motokarini.

Sitajitetea kwako kwa maneno mengi. Sikula kwa ajili ya choo kizuri wala ghala la mpunga. Nilikula kwa sababu mama mzee aliyetukanwa nyumbani kwake alinipa nafasi ya kukataa mara ya pili, bila kununa, na akanitaka nisimdanganye. Nyumba yenye mtu wa namna hiyo, mwanamke anaweza kuishi ndani yake. Karani wako mwenye viatu vya ngozi simjui. Labda ni mtu mwema. Lakini sijui mama yake hufanya nini akiudhiwa, nawe katika barua yako hukuniambia.

Faida nilimwambia usiku uleule. Nilianza na kuku aliyekataliwa, maana mimi husimulia mambo kwa mpango wake, naye akageuka majivu, ikabidi niruke mbele haraka. Aliposikia nimekula alinishika miguu akalia kwenye magoti yangu mabovu. Nikamwambia asifurahi bado, baba yake hajasema. Akafuta uso, kisha akaniuliza neno ambalo sikulitegemea, nami nitakuambia mwishoni.

Nisalimie wifi yangu Mwamini, nibusie watoto. Msalimie binamu yetu Abedi ukimwona, mwambie mama yake bado anaweka sahani yake kila Idi. Feza anakusalimu, anasema umsamehe neno lake la motokarini, na wewe ufute lako. Léontine anakusalimu. Atumani anasalimu na anaulizia kama huko esansi ni rahisi. Mungu akulinde kifua na pumzi, akufungulie njia, akuonyeshe wanao wote, wa huko na wa huku.

Sasa jibu lako. Kama ni ndiyo, njoo umwoze mwanao. Kama ni hapana, usiniandikie mimi, sitalipeleka. Panda gari la moshi uje mwenyewe, uende Kamusisi, mama mzee akuwekee kuku mbele yako, nawe useme hapana ukimtazama usoni. Lakini hapa nyumbani utapita kwanza, na atakayekufungulia mlango ni Faida. Ulipoondoka alikuwa bado ana meno ya utoto. Usiku ule, baada ya kulia, aliloniuliza ni hili: baba yukoje usoni, ili akibisha hodi asimwamkie kama mgeni. Nilianza kumweleza, mdogo wangu, nikaona kwamba na mimi sina hakika.

Wako akupendaye,
dada yako Nuru